Darasa la Wasindikizaji

Krrr-chap. Krrr-chap. Krrr-chap.

Mpaka leo nikisikia mashine ya kuchapa karatasi nasimama kidogo, kama mtu aliyeitwa jina lake mbele za watu. Asubuhi ile nusu ya mtaa wetu wa Azaiba, Maskati, ilikuwa madukani. Anga lilikuwa limefungwa, simu zinaingiza habari za vita na makombora ya nchi jirani moja juu ya nyingine, na foleni ya maji ya chupa ilikuwa imetoka mlangoni mwa duka kubwa ikajikunja hadi kwenye maegesho. Watu walibeba mchele kana kwamba Ramadhani imetangazwa ghafla. Kwetu sisi, ghorofani juu ya duka la mapazia, chuo cha biashara kilikuwa kinachapa mabango.

Nililiokota la kwanza likiwa bado na joto. Lilisema: "Wakati wengine wanaweka akiba ya mchele, wewe weka akiba ya ujuzi." Nikalisoma mara mbili. Kusema kweli lilinigusa, maana mchele sikuwa nao.

Mimi nilikuwa mtu wa chai. Kwenye kitambulisho cheo changu kiliandikwa kwa Kiingereza kirefu kilichojaza mstari mzima, lakini ukikikamua kinabaki chai, vikombe, sakafu na vyoo. Nilitoka Muheza na kidato cha pili na nusu. Ile nusu ni ya kujisifia tu. Nilikaa kidato cha tatu muhula mmoja, nikajifunza jinsi ya kuchora ramani ya mvua, halafu mambo ya nyumbani yakaharibika, basi. Ila ndoto sikuziacha shuleni. Nilipofika Maskati nilikuwa na kampuni tayari. Haikuwa na bidhaa, haikuwa na ofisi wala mteja, lakini ilikuwa na nembo: kikombe chenye mabawa. Chai ya tangawizi na mchaichai kwenye chupa ndogo, mpaka ndani ya ndege abiria wanaletewa. Niliona kilichopungua ni kitu kimoja tu, kusomea biashara. Na mimi huyo nilikuwa nafanya kazi ndani ya chuo cha biashara, kila siku napita katikati ya elimu na ndoo ya maji.

Sasa vita vilikigusa vipi chuo chetu? Hapo Maskati hakikuanguka kitu. Watu walikwenda kazini, magari yalipanga foleni kwenda Qurum kama kawaida, jua likawaka kama kawaida yake isiyo na huruma. Lakini wanafunzi wetu wengi walikuwa wa kutoka nje, na walikuwa wamekwenda kwao likizo. Vita vikaanza, ndege zikakaa chini, nao wakakaa huko. Walimu wawili wakakwama uwanja wa ndege wa nchi nyingine, wakawa wanafundisha kwa skrini. Nilikuwa nikipita naona mwalimu ukutani anauliza viti vitupu, "Mpaka hapo tumeelewana?" Viti vinanyamaza. Anaendelea.

Halafu ofisi inayosimamia vyuo ikapiga simu. Mkaguzi angekuja Alhamisi ya wiki ile iliyofuata, kuangalia kama tawi la Azaiba lina wanafunzi au lina samani tu.

Mkuu wetu tulimwita Mudir, kama kila mkubwa anavyoitwa huko. Alikuwa mgeni Oman kama mimi. Tulitofautiana kwa tai na gari tu. Kiswahili hajui hata neno, tuliongea kwa Kiingereza changu cha kuokota. Yeye mimi aliniita Mama Chai, ingawa mama sijawa na hata mchumba alikuwa bado yuko kwenye ramani za ndoto. Siku ile aliponiita ofisini nilijua nimevunja kikombe.

"Mama Chai," akasema, "wewe unawajua hawa watu."

"Watu gani, bosi?"

"Watu wako. Wa saluni, walinzi, madereva, wafanyakazi wa majumbani."

"Nawajua."

"Wanapenda elimu?"

"Wanapenda kulala, bosi. Lakini elimu nayo hawajakosana nayo."

Akatabasamu lile tabasamu la kwenye picha ya mlangoni. Akanieleza kwamba kuna kozi fupi ya biashara ndogo ndogo, haimdai mtu cheti cha shule. "Nijazie darasa moja kabla ya mkaguzi hajafika. Ukinijazia, kiti kimoja ni chako. Bure."

Nilirudi jikoni nikaosha kikombe kilichokwisha oshwa. Nikakiosha tena. Kiti kimoja ni changu. Nilitamani kumpigia mama, lakini nikajua atauliza, "Kiti cha plastiki au cha mbao?" nikaona nimwache kwanza.

Mpango wa Mudir ulikuwa na pande mbili, na aliupenda kama mtu anavyopenda mtoto wake wa kwanza. Kozi moja, darasa moja, mwalimu mmoja wa skrini, lakini mabango mawili. La wanaume lilikuwa na bwana aliyekunja mikono mbele ya maghorofa, uso umekaza kama anadaiwa: "Ongoza. Thubutu. Tawala soko." La wanawake lilikuwa na bibi mmoja anaitazama kompyuta na kuitabasamia, pembeni vazi la maua: "Salama. Tulivu. Karibu na nyumbani." Nikamuuliza kwa nini hawa wanasoma kitu kimoja lakini wanaitwa kwa sauti mbili.

"Vita," akanijibu, "vinamtia mwanamke hofu na mwanamume hasira. Sisi tuna dawa ya vyote viwili. Utafiti unasema."

Sikuujua huo utafiti ulifanyiwa wapi, ila walipoufanya kwetu hawakupita.

Nikabandika mabango yote mawili kwenye duka dogo la barabarani, pale wenzetu wanaponunua unga na vocha za simu. Niliyabandika bega kwa bega, kila moja limtafute mtu wake. Nikajifanya nachagua nyanya ili nione.

Alikuja kwanza mlinzi mmoja Mkenya, mrefu mpaka anainama mlangoni, analinda jengo la ofisi Qurum. Bwana aliyekunja mikono hakumtazama hata kidogo. Alisimama mbele ya bibi wa maua, akasoma polepole, midomo inatembea. Akawaita wenzake wawili waliokuwa nje. Wakasoma wote.

"Sister," akaniita, "hii ya salama ni ya wamama pekee?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Kwani sisi wanaume hatutaki kuwa salama?"

"Nyinyi mmewekewa ile ya kutawala soko."

Akaligeukia lile bango lingine, akamwangalia yule bwana kwa huruma. "Huyu ako na shida zake. Mimi natafuta mahali pa kukaa chini nipumue."

Hawajaondoka, akaingia rafiki yangu, dada wa saluni, Mkenya wa Kakamega, mtu ambaye kicheko chake kinatangulia kufika. Yeye bibi wa maua alimpita kama anavyopita vumbi. Akajikita mbele ya mikono iliyokunjwa.

"Wee! Kutawala soko! Hapo sasa ndio mimi niko. Watanifunza kupandisha bei ya kusuka bila mteja kununa?"

"Hilo ni la wanaume, dada."

"Wanaume gani? Hawa?" Akawaonyesha walinzi kwa kidevu. "Hawa tangu vita vianze wananiuliza kama saluni iko na ghorofa ya chini ya kujificha."

"Na iko?" mlinzi mmoja akauliza haraka.

Nilimpelekea Mudir habari hiyo mbio mbio. Nikamwambia mabango yamekwenda kinyume, ayabadilishe tu, la huku liende kule. Akanisikiliza kwa upole sana, kisha akasema utafiti ni utafiti.

Basi tukafanya vikao viwili vya kuwavuta watu, cha wanaume siku moja na cha wanawake kesho yake. Mudir alikuwa amehudhuria semina ya mila za Oman, na alilolishika ni moja: mgeni mnywesheni kahawa, na mwendelee kummiminia mpaka mwenyewe atikise finjani, ndipo mjue ametosheka. "Asipotikisa," akaniusia, "ujue anataka kuendelea kusikiliza." Nikasimama na dele la kahawa mkono mmoja, vifinjani mkono mwingine, tukaanza.

Wale walinzi walikuwa wageni wa mwaka ule. Kwao mtu akikumiminia unakunywa, ukimaliza unaweka chini, ukiacha umemtukana. Nikamimina, wakanywa. Nikamimina, wakanywa. Mudir alipoona hakuna anayetikisa aliona mapenzi ya elimu yamewaka, akaongeza hotuba. Alitoka uongozi akaingia uthubutu, akatoka huko akaingia ushindani wa dunia. Macho ya walinzi yakawa makubwa kama ya samaki wa sokoni. Mlinzi mrefu akaninong'oneza, "Sister, moyo unapiga piki piki. Hii kitu inaisha lini?"

"Tikisa kikombe," nikamnong'oneza.

Akakitikisa. Kilikuwa kimejaa. Kahawa ikaruka ikatua kwenye tai ya Mudir, naye kwa adabu akaendelea na ushindani wa dunia huku inamchirizika.

Mwisho akauliza kama kuna swali. Mlinzi mrefu akanyoosha mkono, mimi nikatafsiri. Aliuliza kama jengo lina sehemu ya chini ya ardhi. Mudir akasema hapana, chini kuna mapazia. Wakaangaliana. Mwingine akauliza kama darasani kuna kiyoyozi na kama mtu aliyetoka zamu ya usiku anaruhusiwa kufumba macho kidogo mwalimu akiwa skrini. Nikatafsiri: wanauliza kuhusu mazingira ya kujifunzia. Mudir akaandika, "Wana ari kubwa."

Kesho yake wanawake. Mudir alinunua maua ya plastiki, akashusha sauti, akazungumza nao kama mtu anayebembeleza mtoto mwenye homa. Amani. Utulivu. Kufanya biashara ukiwa umekaa kwako bila wasiwasi. Wanawake wakamwacha amalize. Halafu wakaanza. Mtu akiagiza nywele nje na ndege hazitui, bei anampandishia nani? Mteja akikopa akakimbia, unamfuata kwa sheria au kwa shangazi zake? Dada wa saluni ndiye aliyemaliza kazi:

"Na mwalimu mwenyewe yuko wapi?"

Nikatafsiri. Mudir akasema mwalimu amekwama uwanja wa ndege, atafundisha kwa skrini.

"Amekwama tangu lini?"

"Tangu vita vianze."

"Sasa mtu ameshindwa kujipangia safari yake mwenyewe, ndio anifunze kupanga biashara yangu?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mudir naye akacheka bila kujua anachekea nini, na mimi nikamwonea huruma. Jioni ile nilipopeleka taka nilimkuta ameketi kwenye gari, mlango wazi, anaongea na mama yake kwa simu ya picha. Lugha yao siijui, lakini namna mtu anavyomdanganya mama yake kwamba amekula, hiyo ni moja dunia nzima. Aliikunja ile sehemu ya tai yenye doa ili isionekane. Nilipita na taka zangu, nikaona huyu naye anga limemfungia kama sisi.

Vikao viwili, na aliyejiandikisha hata mmoja hakuna. Alhamisi inakuja. Nilianza kukiona kile kiti changu kinarudi nyuma, kinarudi nyuma, kama basi lililokuacha kituoni.

Nikaamua nifanye kazi mwenyewe. Tulikuwa na kundi la simu la wenzetu wa Azaiba na Madinat Sultan Qaboos, Wakenya na Watanzania, la kuulizana bei ya mizigo na kutakiana Jumapili njema na Ijumaa njema. Nikajifungia jikoni nikarekodi hotuba ya sauti. Wallahi nilisema! Nilisema kuhusu kesho yetu, kuhusu mikono yetu inayofuta meza za watu na akili zetu zinazokaa bure, nikasema vita vitakwisha na watakaokuwa wamejiandaa ni nani. Katikati nikataja, kwa kupitia tu, kwamba darasa likijaa na mimi nitapata kiti. Nikamalizia kwa sauti nzito ya mtangazaji wa mpira. Nikaituma, nikakaa nikiitazama simu.

Majibu yakaanza. "Alhamisi tuko." "Usijali mdogo wangu." "Asubuhi tutafika." "Naja na mwenzangu." Mlinzi mrefu akaandika, "Sister tunakuja full."

Usiulize nilivyojiona. Siku zilizobaki nilitembea chuoni kama aliyevumbua chumvi. Utafiti wa Mudir, mabango, maua ya plastiki, vyote vimeshindwa, mtu wa chai kasema maneno mawili na darasa limejaa. Nilianza kufikiria kwamba kampuni yangu haitahitaji kutangazwa kokote. Nitasimama tu niongee.

Alhamisi wakaja kweli. Wa saluni walikuja kabla ya kufungua, wamepaka midomo rangi za kazini. Walinzi walitoka zamu moja kwa moja, sare zimewakaa, macho mekundu. Wafanyakazi wa usafi wa hoteli wakaja wakiwa wamebadilishana zamu. Wakaja na dada wawili wa majumbani waliotumwa vitunguu, na vitunguu vyao mkononi. Wakaviweka juu ya meza kama madaftari. Viti vikaisha. Wengine wakasimama ukutani chini ya mwalimu wa skrini, ambaye alipoona watu alishtuka akazima sauti yake mwenyewe. Mudir akanishika bega. Macho yalikuwa yamelowa. Akaninong'oneza, "Chagua kiti."

Sikuwahi. Mkaguzi alikuwa ameingia.

Alikuwa mzee wa makamo aliyevaa kanzu nyeupe na kofia ya kudariziwa, mpole, mwenye mwendo wa mtu ambaye hakuna ofisi inayomtisha. Akaanza na Mudir kwa Kiingereza. Mudir akamwonyesha chumba kwa mkono kama anafungua pazia: hawa hapa, wanawake kwa wanaume, wamejitokeza katika nyakati ngumu kuitafuta elimu. Kiingereza chao ni kidogo, Mama Chai atatafsiri.

"La," mkaguzi akasema, na akageuka kwetu. "Hapana haja ya kutafsiriwa. Mamangu kazaliwa Unguja, na nyumbani ndo lugha tunayozungumza, hata tukigombana. Hamjambo wanangu?"

Dele liliniponyoka nusu nikalidaka kwa goti. Chumba kizima kikafufuka. "Shikamoo baba!" "Hatujambo, mzee!" "Karibu sana!" Mtu akamwachia kiti, mwingine akampangusia. Kama ni kupokelewa, alipokelewa. Mudir alikuwa anatabasamu tu, akidhani ni mafanikio.

Mkaguzi akakaa, akamwelekea dada wa kwanza, mmoja wa wale wenye vitunguu.

"Mwanangu, nnakuuliza, umekuja kusoma nini hapa?"

"Mimi baba? Mimi nimemsindikiza huyu."

"Nani?"

"Huyu hapa." Akamgusa mwenzake wa vitunguu.

"Aa, vizuri. Na wewe, unasoma nini?"

"Mimi nimemsindikiza huyu wa hoteli. Tunakaa jirani, akaniambia nisimwache peke yake."

Wa hoteli akainuka bila kuulizwa. "Mimi nimemsindikiza dada wa saluni. Yeye ndiye aliyetuita."

Mkaguzi akawageukia walinzi. Mlinzi mrefu akasimama kijeshi. "Mzee, sisi tulisikia wamama wanakuja huku. Tukaona haifai watembee bila mtu na hii ni wakati wa vita."

"Watembee kutoka wapi?"

"Kutoka hapo chini dukani, mzee."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka hapa juu."

Sijui kama umewahi kusimama mahali ukasikia uongo wako unafunguliwa uzi mmoja mmoja, na wanaoufungua ni watu wakweli wasio na nia mbaya. Kwetu mtu haendi mahali pa maana peke yake. Kliniki unasindikizwa, posta unasindikizwa, hata kwenda kumsalimia mgonjwa lazima uwe na wa kukukalia pembeni. Nilikuwa nimelisahau hilo. Mudir hajawahi kulijua. Semina haikufika huko. Yeye alikuwa bado anatabasamu.

Akabaki dada wa saluni.

"Wewe ndo uliowaita," mkaguzi akamwambia. "Basi wewe ndo mwanafunzi."

"Mimi? Apana, mzee. Mimi nimesindikiza huyu wa chai."

Vichwa vyote vikanigeukia. Nilikuwa nimesimama mlangoni, dele mkononi, aproni ina doa la kahawa.

"Huyu anataka kusoma mpaka inauma kumwangalia," dada wa saluni akaendelea. "Alisema darasa likijaa atapata kiti. Sasa tukasema, kwani kujaza darasa ni nini? Ni kukaa. Sisi kukaa tunaweza."

"Lakini nilituma hotuba," nikasema. Sijui kwa nini ndilo lililonitoka.

"Ile ya sauti? Mdogo wangu, nani aliisikiza hiyo? Ilikuwa ndefu kama ibada ya mazishi. Mimi nilifika pahali unasema utapata kiti, nikazima, nikawaambia twende."

Wakaitikia wote kwamba ndiyo, ndivyo ilivyokuwa. Mlinzi mmoja akasema yeye hata hakuifungua, simu yake haina nafasi. Mauzo yangu yote yalikuwa hayo. Nilisimama pale nikaona aibu imepanda mpaka masikioni, na wakati huo huo nilitamani niweke dele chini niwakumbatie mmoja mmoja, pamoja na vitunguu vyao.

Mkaguzi akavua miwani, akacheka mpaka akajifuta. "Khe! Nyie watu! Mimi nnavyoona, hapa pana bibi harusi mmoja na wapambe ukumbi mzima. Na bibi harusi mwenyewe ndo kashika dele."

"Anasema nini?" Mudir akaniuliza, bado ana lile tabasamu.

Ningeweza kutafsiri vingine. Nilishazoea. Lakini watu walikuwa wamepoteza usingizi wao kuja kunikalia, nikaona sina haki ya kuwageuza kuwa kitu kingine. Nikamwambia yote, neno kwa neno, mpaka bibi harusi. Tabasamu likamtoka polepole, kama maji kwenye sinki lenye uchafu.

Nikajua kiti kimekwenda.

"Njoo hapa, mwanangu," mkaguzi akaniita. "Kweli wataka kusoma?"

"Nataka, baba."

"Kusomea biashara ya nini?"

"Chai."

Akanyoosha finjani. Nikammiminia kahawa. Akaonja, akakaa nayo kidogo mdomoni. "Na kahawa hii kapika nani?"

"Mimi."

"Iliki imezidi," akasema. "Kasome, mwanangu. Kasome sana."

Akamchukua Mudir wakaingia ofisini, mlango ukafungwa. Wasindikizaji hawakutawanyika, waliniambia mtu hasindikizwi nusu. Wakakaa wakimsikiliza mwalimu wa skrini, aliyepata moyo akaanza somo la hasara na faida kwa Kiingereza. Dada wa saluni akawa anawatafsiria kwa Kiswahili chake, akiongeza mifano ya wateja wanaosuka na kudai kichwa kinawasha ili wasilipe. Nilisikia vicheko kutoka jikoni nilikokimbilia. Nilikuwa napanga nguo zangu kichwani, ipi iende begi gani, maana sikuona chuo kinachomweka mtu aliyekiaibisha mbele ya serikali.

Mkaguzi alipoondoka, Mudir akaniita. Alikuwa amevua tai. Bila tai alikuwa mtu mdogo zaidi, na mwema zaidi.

"Mama Chai, unajua umenifanya nini?"

"Najua, bosi. Samahani."

"Mkaguzi amenipa muda mpaka anga lifunguliwe. Tawi halifungwi. Lakini amesema haji kuhesabu watu tena, anakuja kusikiliza wamejifunza nini. Na amesema mmoja lazima awe kwenye kiti atakaporudi." Akaninyooshea kidole. "Amekutaja wewe. Sasa hiyo si ahadi yangu tena. Ni amri."

Ndivyo nilivyopata elimu, kwa amri ya serikali, kama mtu anayepelekwa kuchanjwa.

Darasa lilianza Ijumaa baada ya swala. Walinzi walikuja, wa kiyoyozi na wa somo, na wakati mwingine huwezi kujua nani ni nani mpaka aanze kukoroma. Dada wa saluni akaja, akakaa nyuma. "Usinitazame hivyo," akaniambia, "nimekusindikiza tu." Alikuwa na kalamu mbili. Wa vitunguu akaja mmoja. Mwenzake mwajiri wake alimkatalia, wakawa wanapigiana simu baada ya somo. Mudir aliyabandua mabango yote mawili. Badala yake alichapa moja lisilo na picha ya mtu, limeandikwa tu siku na saa, na likavuta watu kuliko yote, jambo ambalo utafiti mpaka leo haujalieleza.

Na mimi nilisoma, ila chai nayo ilitaka mtu. Mwalimu alipokuwa anaeleza namna ya kukadiria hatari, nilikuwa nainuka kumimina, narudi, nakuta hatari imeshapita tuko kwenye fursa. Mlinzi mrefu alinisaidia kunisimulia sehemu nilizokosa. Alisimulia vibaya, lakini kwa moyo wote.

Siku ile ya kwanza watu walipotoka nilibaki kukusanya vikombe. Ghorofa ilikuwa kimya, chini wameshafunga mapazia yao. Kiti nilichokalia, cha mstari wa mbele upande wa dirisha, kilikuwa kimenisumbua somo zima. Mguu mmoja ulicheza, kila nikiandika kinanisukuma pembeni. Nikakipindua. Skrubu ilikuwa imelegea. Nikaenda jikoni nikachukua kisu cha siagi, nikapiga magoti, nikaikaza mpaka kisu kikapinda kidogo kwenye ncha. Nikakisimamisha kiti. Nikakikalia, nikajiegemeza kwa nguvu, kushoto, kisha kulia. Hakikucheza.